Moyo wa mama mzazi: Swali la Soweto lililojibiwa ndani ya seli

Kwa miongo mingi wanawake waliojifungua salama katika Soweto, Afrika Kusini, walirudi hospitalini baada ya wiki chache wakihema, miguu imevimba, mioyo yao imelegea. Lawama zilielekezwa kwenye lishe, umaskini na mila. Utafiti wa seli za misuli ya moyo umeibadilisha hadithi hiyo, ingawa haujaimaliza.

Mama amejifungua salama. Wiki tatu zimepita, jamaa wamekwisha kuja kumpongeza, na mtoto ananyonya vizuri. Kisha usiku mmoja mama anashindwa kulala chali. Anaongeza mto wa pili, halafu wa tatu. Kifua kinabana, na akipanda ngazi chache anahema kama mtu aliyekimbia. Majirani husema ni uchovu wa uzazi. Wengine hunong'ona kwamba ametupiwa jicho baya. Anapofikishwa kwa daktari, mara nyingi moyo wake umekwisha kupanuka, na damu inayosukumwa kwa kila pigo imepungua hadi nusu ya inavyotakiwa, au chini ya hapo.

Kitaalamu ugonjwa huo huitwa kadiomayopathi ya uzazi. Misuli ya moyo, hasa ya chumba cha chini cha kushoto kinachosukuma damu mwilini, hudhoofika katika mwezi wa mwisho wa ujauzito au katika miezi mitano ya kwanza baada ya kujifungua, kwa mwanamke ambaye hakuwa na maradhi ya moyo yaliyojulikana. Nchini Afrika Kusini imekadiriwa kwamba humpata mama mmoja kati ya kila 1,000 wanaojifungua. Katika Haiti makadirio yamekuwa mmoja kati ya 300, na katika eneo la Zaria, kaskazini mwa Nigeria, yaliwahi kufikia mmoja kati ya 100.

Sehemu kubwa ya historia ya namna ugonjwa huu ulivyochunguzwa inapita Soweto, na ndani ya Soweto inapita katika hospitali moja.

Hospitali ya askari, kisha ya weusi

Mwishoni mwa karne ya 19, mtu mmoja wa Cornwall, Uingereza, aliyeitwa John Albert Baragwanath, aliyafuata machimbo ya dhahabu ya Afrika Kusini na kufungua nyumba ya wasafiri kando ya njia iendayo Johannesburg. Mahali hapo pakabaki na jina lake. Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipopamba moto, Uingereza ilihitaji mahali pa kuwatibu askari wake, na hospitali ya kijeshi ikajengwa hapo. Waziri Mkuu Jan Smuts aliifungua rasmi mwaka 1942.

Baada ya vita serikali ya Afrika Kusini iliinunua hospitali hiyo, na mwaka 1948 wagonjwa weusi wa hospitali kuu ya Johannesburg wakahamishiwa huko. Mwaka huo huo chama cha National Party kiliingia madarakani na ubaguzi wa rangi ukawa sera rasmi ya nchi. Vitongoji vilivyokuwa vikipanuka kuizunguka hospitali vilipewa mwaka 1963 jina la Soweto, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya vitongoji vya kusini-magharibi.

Tarehe 16 Juni 1976, polisi walipowafyatulia risasi wanafunzi waliokuwa wakiandamana kupinga kufundishwa kwa lugha ya Kiafrikaans, majeruhi walipelekwa Baragwanath. Mwaka 1987 madaktari 101 wa hospitali hiyo waliandika barua katika jarida la kitabibu la nchi hiyo wakilalamikia msongamano na hali mbaya ya wagonjwa. Mwaka 1997 hospitali iliongezewa jina la Chris Hani, kiongozi wa chama cha kikomunisti aliyeuawa tarehe 10 Aprili 1993, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi wa kwanza wa watu wa rangi zote.

Ikiwa na vitanda takriban 3,000, hospitali hiyo ni miongoni mwa zile kubwa kabisa duniani. Wenyeji wa Soweto huiita kwa kifupi Bara. Kwa sikio la Mswahili jina hilo linafaa, kwa kuwa wodi zake zimekuwa zikipokea maradhi ya bara zima: ya umaskini, ya miji mikubwa, na yale yaliyoko kati ya hayo mawili.

Mnamo tarehe 3 Desemba 1967 Afrika Kusini iliushangaza ulimwengu wakati Christiaan Barnard alipompandikizia mgonjwa moyo wa mtu mwingine huko Cape Town. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya tiba. Lakini mioyo iliyokuwa ikilegea kimya kimya katika wodi za Soweto haikuandikwa magazetini.

Lawama juu ya chungu na kitanda

Madaktari hawakuwa wamefumba macho. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wataalamu wa Johannesburg, miongoni mwao John Higginson, waliandika juu ya mioyo iliyopanuka ya watu wenye utapiamlo wa muda mrefu. Miaka michache kabla ya hapo, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, Uganda, J. N. P. Davies alikuwa amekwisha kueleza ugonjwa mwingine wa moyo, unaoacha makovu mazito katika utando wa ndani. Afrika ikaanza kujulikana katika vitabu vya tiba kama bara lenye maradhi yake ya peke yake ya misuli ya moyo.

Kuhusu akina mama waliojifungua, maelezo yaliyosikika zaidi yalitoka Zaria. Huko, kwa desturi ya Wahausa, mama mzazi hupewa uji wenye magadi kwa wingi, huogeshwa maji ya moto sana, na hulala juu ya kitanda cha udongo kinachopashwa moto kwa chini, kwa takriban siku 40. Katika miaka ya 1970 madaktari waliokuwa wakifanya kazi huko, akiwemo Eldryd Parry, walionyesha jinsi chumvi hiyo na joto hilo vilivyoweza kuuelemea moyo.

Maelezo hayo yalikuwa na mantiki kwa Zaria. Hayakutosha kwa Soweto, ambako hakuna kitanda cha udongo kinachopashwa moto. Hayakutosha kwa Haiti, wala kwa Philadelphia na Chicago, miji ya Marekani ambako madaktari waliuandika ugonjwa huo mwaka 1937 na tena mwaka 1971. Hata hivyo mazoea ya kuitafuta sababu katika chungu cha mwanamke, katika kitanda chake au katika mfuko wake mtupu yaliendelea. Mgonjwa akawa kana kwamba ndiye aliyejiletea maradhi.

Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza swali dogo zaidi: ndani ya msuli wenyewe, kunatokea nini?

Seli isiyozaliwa upya kwa urahisi

Moyo hupiga takriban mara 100,000 kwa siku. Kazi hiyo hufanywa na seli za misuli zilizounganishwa moja kwa moja, kila moja ikijikunja na kujinyoosha kwa wakati mmoja na mwenzake. Wakati wa ujauzito damu inayosukumwa kwa dakika huongezeka kwa asilimia 30 hadi 50, na seli hizo hulazimika kukua, kutumia nishati zaidi na kulishwa na mishipa midogo mingi zaidi.

Seli za ngozi zikifa, nyingine huzaliwa. Za moyo sivyo. Mwaka 2009 watafiti nchini Sweden walipima kiasi cha kaboni yenye mnururisho, iliyosambaa angani kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia, ndani ya seli za moyo wa binadamu. Waligundua kwamba kijana wa miaka 25 hupata seli mpya za misuli ya moyo kwa kiwango cha asilimia moja tu kwa mwaka, na kiwango hicho hushuka kadiri umri unavyosonga. Kwa hiyo kila seli inayokufa ni hasara ya muda mrefu.

Hapa ndipo kazi ya Soweto inapoingia. Daktari wa moyo Karen Sliwa, mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Chris Hani Baragwanath, pamoja na wenzake, hawakuishia kuwapa akina mama dawa za kupunguza maji mwilini. Walichukua damu yao na kuipima. Katika ripoti iliyochapishwa mwaka 2000 walieleza hali ya wanawake 29 waliokuwa na ugonjwa huo. Wanane kati yao walifariki. Waliofariki walikuwa na kiwango kikubwa zaidi cha protini iitwayo Fas, ambayo huhusika katika kuiamuru seli ijiue yenyewe.

Dalili hiyo ilikuwa ndogo, lakini uzito wake ulikuwa mkubwa. Ilionyesha kwamba huenda moyo wa mama haukuwa umechoka tu, bali seli zake zilikuwa zikipokea amri ya kufa. Swali lililofuata halikuweza kujibiwa wodini. Lilihitaji maabara.

Panya waliokufa baada ya kuzaa

Mjini Hannover, Ujerumani, wanabiolojia walikuwa wamezalisha panya ambao seli za misuli ya moyo wao hazikuwa na protini moja iitwayo STAT3. Protini hiyo huikinga seli dhidi ya kemikali zenye madhara zinazozalishwa nishati inapotumika kwa wingi. Panya jike waliokosa kinga hiyo waliugua moyo baada ya kuzaa, na wengi wao wakafa. Palikuwa na mnyama aliyeonyesha picha inayofanana na ile ya wodi za Soweto.

Watafiti wa Hannover na wa Soweto waliunganisha nguvu, na mwaka 2007 wakatoa maelezo yao katika jarida la Cell. Walieleza kwamba kinga ya seli ikiporomoka, kimeng'enya kimoja huikata homoni ya prolaktini, ambayo kazi yake inayojulikana ni kutengeneza maziwa ya mama. Kipande kinachobaki, kwa mujibu wa ripoti hiyo, hakina tena tabia ya homoni kamili. Huharibu mishipa midogo inayoilisha misuli ya moyo, na seli zikakosa chakula. Kwa maneno mengine, homoni inayomlisha mtoto, ikishakatwa vibaya, inaweza kumdhuru mama.

Nadharia hiyo haikubaki peke yake. Mwaka 2012 watafiti wa Boston, Marekani, walionyesha kwa kutumia panya wa aina nyingine kwamba kondo la nyuma hutoa vitu vinavyozuia ukuaji wa mishipa midogo, na kwamba moyo usio na uwezo wa kujibu hulegea. Maelezo yao yalisaidia kufahamu kwa nini wanawake wenye kifafa cha mimba, au waliobeba pacha, wamo katika hatari kubwa zaidi. Njia hizo mbili, ya Hannover na ya Boston, zinatofautiana, lakini zote zinaishia mahali pamoja: kwenye mishipa midogo na seli za misuli inazozilisha.

Kisha mwaka 2016 likaja jambo la tatu. Wanasayansi walichunguza jeni za wanawake 172 wenye ugonjwa huo na kukuta kwamba asilimia 15 walikuwa na hitilafu katika jeni za misuli ya moyo, nyingi zikiwa katika jeni ya titini. Titini ni protini ndefu kuliko zote zinazojulikana katika mwili wa binadamu, na hufanya kazi kama kamba ya mpira inayourudisha msuli katika hali yake baada ya kujinyoosha. Baadhi ya wanawake, basi, walizaliwa na kamba yenye kasoro, na ujauzito ukaifichua.

Katika maelezo yote hayo matatu hakuna hata moja linalomlaumu mama.

Wanawake 20 na dawa kongwe

Ikiwa kipande cha prolaktini ndicho kinachodhuru, basi kuizuia prolaktini kunapaswa kumsaidia mgonjwa. Dawa ya kufanya hivyo ilikuwepo tangu miaka ya 1970, nayo ni bromokriptini. Ilitumika kuwakausha maziwa wanawake wasiotaka au wasioweza kunyonyesha. Lakini katikati ya miaka ya 1990 Marekani iliacha kuiruhusu kwa kazi hiyo, baada ya ripoti za wanawake waliopatwa na kiharusi au mshtuko wa moyo. Kumpa dawa ya namna hiyo mama ambaye moyo wake tayari ni mgonjwa kulihitaji uangalifu mkubwa.

Jaribio lilifanyika Afrika Kusini na matokeo yakachapishwa mwaka 2010. Wanawake 20 waligawanywa katika makundi mawili. Kumi walipewa tiba ya kawaida ya moyo, na kumi wengine waliongezewa bromokriptini. Katika kila kundi, mwanzoni, chumba cha kushoto kilisukuma nje wastani wa asilimia 27 tu ya damu yake kwa kila pigo. Baada ya miezi sita, kundi la tiba ya kawaida lilifikia asilimia 36. Kundi la bromokriptini lilifikia asilimia 58, kiwango kinachokaribia kile cha moyo wenye afya. Wanne wa kundi la kwanza walifariki, na mmoja wa kundi la pili.

Takwimu hizo zilisomwa duniani kote, na mara moja zikazua mjadala. Watu 20 ni wachache mno. Tofauti ya vifo vitatu inaweza kutokea kwa bahati. Mwaka 2017 jaribio la Ujerumani lililohusisha wanawake 63 lililinganisha matibabu ya bromokriptini ya wiki moja na ya wiki nane, na hakuna mama aliyefariki, lakini hapakuwa na kundi lisilopewa dawa kabisa. Mwaka 2018 miongozo ya madaktari wa moyo wa Ulaya ilisema dawa hiyo inaweza kufikiriwa, maneno ya tahadhari kuliko ya uhakika. Jaribio kubwa zaidi lilianzishwa Amerika Kaskazini katika miaka ya 2020.

Maziwa au moyo

Kwa mama wa Soweto, au wa Mbagala, au wa Kibera, mjadala huo una upande mwingine. Bromokriptini hukausha maziwa. Mtoto asiyenyonya hutegemea maziwa ya kopo, na maziwa ya kopo huhitaji maji safi, moto wa kuyachemshia na fedha za kununulia kopo la pili. Katika nyumba isiyo na mambo hayo matatu, dawa inayomwokoa mama inaweza kumhatarisha mtoto. Mtoto asiye na mama naye ana hatari zake. Hakuna maabara inayoweza kupima mizani hiyo kwa niaba ya familia.

Ndiyo sababu katika jaribio la mwaka 2010 watoto nao walifuatiliwa, na walikua vizuri. Lakini walikuwa watoto waliokuwa chini ya uangalizi wa hospitali kubwa ya rufaa, ambako muuguzi anaweza kuuliza habari zao kila wanapofika kliniki. Kuihamishia tiba hiyo katika zahanati ya kijijini ni suala jingine.

Kuna kikwazo kinachotangulia hata dawa, nacho ni utambuzi. Ili kuthibitisha ugonjwa huu hutumika kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, na mashine hizo, pamoja na watu wa kuzitumia, bado ni adimu nje ya miji mikubwa ya Afrika. Uvimbe wa miguu na kuishiwa pumzi hufanana na mambo ya kawaida ya ujauzito. Mama hurudishwa nyumbani akapumzike, na siku hupotea.

Kutoka Soweto hadi nchi 49

Kazi ya Soweto haikuishia kwa akina mama wazazi. Utafiti uliojulikana kama Moyo wa Soweto, ambao matokeo yake yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2008, uliorodhesha wagonjwa wapya wa moyo 1,593 waliofika Baragwanath katika mwaka 2006 pekee. Kati yao 704 walikuwa na moyo ulioshindwa kufanya kazi ipasavyo.

Baadaye utafiti mwingine uliwafuata wagonjwa 1,006 katika hospitali 12 za nchi tisa za Afrika, zikiwemo Kenya na Uganda. Umri wao wa wastani ulikuwa miaka 52. Katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, Abel Makubi na wenzake walikuta wastani wa miaka 55. Ulaya na Marekani, mgonjwa wa namna hiyo kwa kawaida ni mzee aliyepita miaka 70. Afrika hupoteza mioyo ya watu ambao bado wanalea na kufanya kazi.

Kuhusu akina mama, orodha ya kimataifa iliyoanzishwa mwaka 2012, Sliwa akiwa miongoni mwa viongozi wake, ilikusanya habari za wanawake 739 kutoka nchi 49. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2020 yalionyesha kwamba ugonjwa huo huwapata wanawake wa mabara yote na wa rangi zote, na kwamba asilimia sita walifariki katika miezi sita ya mwanzo. Kilichotofautiana zaidi ni nafasi ya kupona, na katika hilo hali ya maisha na huduma zilizopo bado zina uzito wake. Umaskini, kwa hiyo, haukuondoka katika hadithi. Ulihama tu kutoka nafasi ya chanzo cha ugonjwa kwenda nafasi ya kizuizi cha tiba.

Kuna deni katika historia hii. Damu iliyopimwa mwaka 2000, na mioyo iliyopigwa picha mwaka 2010, ilikuwa ya wanawake weusi wa hospitali iliyojengwa kwa ajili ya askari wa kigeni na kisha kutengwa kwa sheria ya rangi. Maarifa yaliyotokana nao yamewafikia wanawake wa Hannover, Boston na London. Deni hilo litalipwa pale maarifa hayo yatakapomfikia pia mkunga wa zahanati ya mbali, ambaye hana mashine wala maabara.

Yeye anaweza kuanza na swali moja, ambalo madaktari wa moyo wamekuwa wakiliuliza siku zote na ambalo halihitaji umeme: mama, unalala kwa mito mingapi?

Ikiwa jibu ni mitatu, na mwezi uliopita ulikuwa mmoja, huo si uchovu wa uzazi. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.